Maswali ya Wasomaji: Daktari, Mafunzo Yake na Malipo Yake

Katika miezi ya karibuni barua nyingi zilizofika katika safu hii zimetoka kwa madaktari wenyewe, na karibu zote zinahusu jambo moja, yaani mipaka kati ya kujifunza na kufanya kazi, na nani anapaswa kulipa pale ambapo mambo hayo mawili yanatendwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa kuwa imeandikwa, kwa maneno tofautitofauti, na zaidi ya msomaji mmoja.

SWALI: Shikamoo daktari. Nilihitimu shahada ya udaktari baada ya miaka sita chuoni, nikakaa nyumbani miezi kadhaa nikisubiri kupangiwa hospitali, na sasa huu ni mwezi wa tano nikiwa mwanagenzi, yaani daktari aliye katika mwaka wa mazoezi ya lazima baada ya shahada, katika hospitali moja ya kaunti. Mshahara umefika mara mbili tu. Ninapouliza, mkubwa wangu katika kitengo hunijibu kwamba mimi bado ni mwanafunzi na ninapaswa kushukuru kupewa nafasi ya kujifunza. Usiku huwa niko peke yangu na wagonjwa wa wodi mbili. Je, mimi ni mwanafunzi au mfanyakazi? Na wenzangu wakigoma, nifanyeje? — Mwanagenzi, Bonde la Ufa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wewe ni mfanyakazi ambaye bado anajifunza, na neno la kwanza halifutwi na la pili. Shahada umekwisha kuipata. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, limekupa leseni ya uanagenzi, unaandika dawa kwa mkono wako na kwa jina lako, na ukikosea utaitwa mbele ya baraza hilo kujieleza kama daktari. Mwanafunzi wa mwaka wa tano anayesimama nyuma ya kitanda wakati wa raundi habebi mzigo huo. Mkubwa wako hawezi kukuhesabu kuwa daktari saa nane za usiku mgonjwa anapoishiwa na pumzi, kisha akakuhesabu kuwa mwanafunzi mwisho wa mwezi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalioni. Uanagenzi si kazi ambayo unaweza kuikataa ukatafute nyingine. Bila mwaka huo, ambao unakupitisha katika magonjwa ya watu wazima, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake, huwezi kusajiliwa kuwa daktari kamili, na nafasi zenyewe hugawiwa na serikali peke yake. Mfanyakazi wa kawaida asipolipwa hufunga virago akaenda kwingine, lakini mwanagenzi anayefanya hivyo anakuwa ameiacha miaka sita ya masomo mlangoni. Kwa hiyo mimi naona kwamba anayemlipa mwanagenzi ana wajibu mzito zaidi kuliko mwajiri mwingine, kwa sababu anayemdai hana pa kukimbilia.

Kuhusu kiwango cha mshahara, ni vizuri ukajua kilikotoka, maana vijana wengi hudhani ni hisani. Mnamo tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma waligoma wakidai kutekelezwa kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 2013, na mgomo huo ulidumu siku 100, hadi katikati ya Machi 2017. Wananchi waliumia sana, na katika Februari ya mwaka huo viongozi wa chama cha wafanyakazi cha madaktari, KMPDU, waliwekwa gerezani kwa kukaidi amri ya mahakama. Mkataba wa pamoja wa mwaka 2017 ndio uliotokana na msukosuko huo, na chini yake malipo ya jumla ya daktari mwanagenzi yakawa shilingi 206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ilisema kwamba bajeti haitoshi na kwamba itawalipa wanagenzi wapya shilingi 70,000. Mgomo mwingine ukaanza katikati ya Machi na kuendelea kwa siku 56 hadi tarehe 8 Mei, ukamalizika huku suala lenyewe la wanagenzi likiwa limeahirishwa. Halikupata makubaliano hadi mwishoni mwa Desemba 2024, pale serikali ilipokubali kuwalipa kwa mujibu wa mkataba wa 2017.

Sipuuzi hoja ya upande wa pili. Ni kweli kwamba mishahara ya watumishi wa umma inameza sehemu kubwa ya kodi, na ni kweli kwamba wapo vijana wa taaluma nyingine wanaofanya mafunzo ya kazi serikalini kwa posho ndogo kuliko hiyo. Lakini mkataba uliosainiwa hubadilishwa mezani, pande zote zikiwa zimekaa; haubadilishwi kwa barua ya upande mmoja. Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka 2007 inasema wazi kwamba makubaliano ya pamoja yanazifunga pande zilizoyatia saini, na kwamba masharti yake huingia katika mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika. Anayetaka kiwango kingine na aitishe mazungumzo.

Sasa nenda kwenye karatasi zako. Tafuta barua ya kukupangia hospitali na usome ni nani aliyetajwa kuwa mlipaji. Mara nyingi wanagenzi hulipwa na serikali ya taifa ingawa hospitali wanamofanyia kazi ni ya kaunti, na ndiyo maana msimamizi wa hospitali hukutazama tu unapomuuliza. Hana fedha zako. Kama barua yako inasema hivyo, andika dai lako kwa mlipaji huyo, taja miezi ambayo haikulipwa mmoja baada ya mwingine, ambatisha orodha ya zamu iliyotiwa saini na mkuu wa idara, peleka nakala kwa chama, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya mdomo hayana tarehe. Tena kumbuka kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaweka ukomo wa miaka 3 kwa madai yanayotokana na mkataba wa kazi. Nimewafahamu madaktari waliosubiri kwa upole, wakahamishwa, wakasahau, na walipokumbuka mlango ulikuwa umefungwa.

Kuhusu kugoma, Katiba katika kifungu cha 41 inampa kila mfanyakazi haki hiyo, lakini sheria inataka ilani ya siku 7, nayo inaziweka huduma za hospitali katika orodha ya huduma za lazima, na hiyo ndiyo sababu karibu kila mgomo wa madaktari huishia mbele ya jaji. Usigome peke yako, wala usigome kwa kuwa umesoma ujumbe katika kundi la simu. Subiri tangazo rasmi la chama, na kama mahakama imetoa amri, muulize wakili wa chama kabla ya kuondoka wodini. Na siku utakayoondoka, mkabidhi kila mgonjwa wako kwa jina kwa daktari au afisa wa tiba aliyebaki, uandike katika faili saa uliyomkabidhi na hali aliyokuwa nayo. Hilo silisemi kwa sababu ya sheria tu. Mgonjwa aliyeachwa bila kukabidhiwa kwa mtu hakuwa upande wa yeyote katika ugomvi huo.

Limebaki la usiku, na kwangu mimi ndilo zito kuliko mshahara. Mwanagenzi hufanya kazi chini ya usimamizi, na usimamizi si jina lililobandikwa ukutani. Kila unapokutana na jambo lililokuzidi, mpigie daktari aliye juu yako, na uandike katika faili la mgonjwa kwamba umempigia saa fulani na kwamba amejibu hivi, au hakupokea. Wapo watakaokasirika. Waache wakasirike. Katika mwaka wangu wa uanagenzi, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilikaa miezi minne bila mshahara na muuguzi mmoja wa wodi ya watoto akawa ananiwekea sahani ya ugali na mboga kila nilipokuwa zamu. Njaa ile nimeisahau. Mtoto niliyeogopa kumpigia bingwa kwa ajili yake, kwa sababu wiki iliyotangulia bingwa huyo alikuwa amenifokea, sijamsahau hadi leo. Alipona, lakini si kwa sababu yangu.

SWALI: Daktari, mimi niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika upasuaji, na ninajilipia karo mwenyewe baada ya kuacha kazi ya kaunti. Katika hospitali ya kufundishia ninafanya raundi, zamu na upasuaji sawa na wenzangu wanaolipwa na waajiri wao, lakini mimi silipwi chochote. Ili kulipa kodi ya nyumba ninashika zamu za usiku katika hospitali mbili za binafsi. Mara mbili mwezi uliopita nilisinzia nikiendesha gari. Ndugu yangu mdogo amemaliza uanagenzi na anasema naye anataka upasuaji kwa njia hiihii. Nimwambie nini? — Anayesomea upasuaji, Nairobi

JIBU: Daktari mwenzangu, kabla ya yote, usiendeshe gari baada ya zamu ya usiku kuanzia leo. Panda matatu, lala katika chumba cha zamu kwa muda wa saa mbili kabla ya kuondoka, au omba mtu akuchukue. Nimewazika wenzangu wawili waliofia barabarani asubuhi wakitoka kazini, na sina hamu ya kusoma jina lako katika tangazo la namna hiyo.

Hali yako haiko mikononi mwako peke yako, lakini haikosi milango kabisa. Nenda kwa mkuu wa idara ukiwa na orodha ya kweli ya saa zako za wiki moja, za hospitali ya kufundishia na za huko kwingine, bila kuficha, uulize kama chuo kinaruhusu kuahirisha mwaka, au kama unaweza kupunguziwa zamu katika miezi ya kujiandaa kwa mtihani. Wengi huogopa kusema kwamba wanafanya kazi nje, na kwa kuogopa huko wanapangiwa zamu kana kwamba usiku wote ni wao. Kati ya hospitali mbili za binafsi acha moja, na katika ile itakayobaki dai mkataba wa maandishi unaotaja malipo kwa zamu na siku ya kulipwa. Kazi hizi za kuziba pengo hutolewa kwa simu na hulipwa kwa ahadi, na daktari aliyechoka hana nguvu za kufuatilia ahadi.

Kuhusu haki ya jambo lenyewe sitauma maneno. Hospitali za kufundishia za nchi hii zinasimama juu ya mabega ya madaktari wanaosomea ubingwa. Wakiondoka kwa wiki moja, vyumba vya upasuaji vya dharura vitafungwa. Kusema kwamba anayejilipia karo amejitakia mwenyewe ni kukwepa swali, kwa kuwa mgonjwa anayepasuliwa usiku hapati robo ya huduma kwa sababu mpasuaji wake ni wa kujilipia. Nchini Uingereza na Marekani anayesomea ubingwa ni mwajiriwa mwenye mshahara tangu siku ya kwanza, na hakuna anayedhani kwamba kwa hiyo hajifunzi.

Ndugu yako mwambie kwamba njia si moja. Ya kwanza ni kuajiriwa kwanza na kaunti au na serikali ya taifa, kisha kuomba ruhusa ya masomo yenye mshahara, ambayo huja na kifungo cha kumtumikia mwajiri kwa miaka kadhaa baada ya kuhitimu. Asitie saini kifungo hicho kabla ya kukisoma neno kwa neno: miaka ni mingapi, inaanza kuhesabiwa lini, na akitaka kuondoka mapema atarudisha nini, mshahara peke yake au na karo pia. Aulize vilevile kama kaunti hiyo ina chumba cha upasuaji na vifaa ambavyo bingwa wa aina yake atavihitaji, maana wapo waliorudi na ubingwa wakakuta hakuna mashine, wakamaliza kifungo chao wakifanya kazi waliyokuwa wakiifanya kabla ya kwenda masomoni.

Njia ya pili, ambayo vijana wengi hawaijui vya kutosha, ni Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kinachojulikana kwa kifupi kama COSECSA, kilichoundwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha. Chuo hiki hakina majengo ya mihadhara. Mwanafunzi huajiriwa na hospitali iliyokaguliwa na kuidhinishwa, hulipwa na hospitali hiyo, hufundishwa na mabingwa walio hapo, huandika kila upasuaji katika kitabu chake cha kumbukumbu, kisha hufanya mitihani ya pamoja na wenzake kutoka nchi nyingine za eneo hili. Miaka 2 ya kwanza humfikisha kwenye uanachama na miaka 3 inayofuata kwenye ubingwa kamili, hivyo jumla haizidi ile ya chuo kikuu. Hospitali za misheni za Tenwek kule Bomet na Kijabe zimewatoa wapasuaji wengi kwa njia hii. Kwa wanaopendelea magonjwa ya ndani ya watu wazima kiko chuo ndugu, ECSACOP, kinachofuata mpango wa namna hiyo.

Njia hii nayo ina ugumu wake. Nafasi ni chache, hospitali nyingine ziko mbali na jamaa, na anayetaka kuwa mhadhiri wa chuo kikuu baadaye anaweza kuambiwa kwamba shahada ya uzamili ingemfaa zaidi. Hata hivyo, kama ndugu yako angekuwa mwanangu, ningemwambia ajaribu mara mbili njia ya kulipwa kabla ya kuingia mara moja njia ya kujilipia.

SWALI: Ninaendesha kliniki ndogo kaunti ya Kilifi pamoja na mke wangu ambaye ni muuguzi. Madai yetu ya bima hukaa miezi bila kulipwa, mengine hurudishwa kwa sababu tusizozielewa, na wenye maduka ya dawa wanataka fedha taslimu. Aidha, rafiki yangu mwenye zahanati ameniomba atumie namba yangu ya usajili kwa kuwa yeye hana daktari wa kudumu, na ameahidi kunilipa kila mwezi. Nikubali? — Mwenye kliniki, Pwani

JIBU: Nianze na la mwisho kwa sababu jibu lake ni fupi. Usikubali. Dai lolote litakalopelekwa kwa bima kwa namba yako ni ushahidi wako kwamba ulimtibu mgonjwa huyo, na likigunduliwa kuwa la uongo atakayetafutwa ni wewe, kwa jinai na mbele ya baraza pia. Fedha ya kila mwezi atakayokupa haitatosha kulipa hata wakili wa siku ya kwanza. Kama rafiki yako anahitaji daktari kweli, panga siku mbili kwa wiki uende mwenyewe, kwa mkataba, uwaone wagonjwa kwa macho yako.

Kuhusu madai, mnajua kwamba mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, ulioanzishwa mwaka 1966, uliipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, tarehe 1 Oktoba 2024, na kwamba sasa mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya pato lake. Linalowahusu ninyi ni kwamba huduma za wagonjwa wa nje katika vituo vya ngazi ya pili na ya tatu, yaani zahanati, kliniki na vituo vya afya, hulipiwa na Mfuko wa Huduma za Afya ya Msingi, ilhali hospitali za ngazi ya nne na kuendelea hulipwa na mfuko mwingine. Hakikisheni kwamba leseni ya kliniki, ngazi iliyoandikwa katika leseni hiyo na mkataba mliosaini vinalingana, kwa maana dai lililopelekwa katika mfuko usio wake hurudi hata kama matibabu yalikuwa sahihi. Kama mnadai madeni ya tangu enzi ya NHIF, kumbukeni kwamba mwezi Machi 2025 ilitangazwa kuwa vituo vinavyodai shilingi milioni 10 au chini yake vilipwe bila kusubiri uhakiki uliowekewa wenye madai makubwa zaidi. Kliniki ya ukubwa wenu bila shaka iko katika kundi hilo, kwa hiyo fuatilieni kwa maandishi.

Tunzeni daftari lenu wenyewe, lisilotegemea mfumo wa kompyuta wa mlipaji: namba ya dai, tarehe ya kupelekwa, kiasi, siku ya jibu, na sababu ya kukataliwa kama ilivyoandikwa. Baada ya miezi mitatu mtaona kwamba sababu zinajirudia, na nyingi ni za ukarani, kama jina lisilolingana na kitambulisho au idhini ya awali iliyosahauliwa. Hizo mke wako au karani anaweza kuzizuia asubuhi mgonjwa anapofika. Zilizobaki ambazo si kosa lenu zipelekeni kupitia chama cha hospitali za binafsi za mashambani na mijini, RUPHA, kwa kuwa kliniki moja ikipiga kelele peke yake haisikiki.

SWALI: Binti yangu amefaulu vizuri sana kidato cha nne na moyo wake wote uko kwenye udaktari. Majirani wananiambia nimzuie kwa sababu madaktari siku hizi hawana kazi. Naomba ushauri. — Mama Neema, Machakos

JIBU: Mama Neema, majirani hawadanganyi, ila hawasemi lote. Tangu huduma za afya zihamie kaunti mwaka 2013, daktari anayemaliza uanagenzi haajiriwi moja kwa moja. Husubiri bodi ya utumishi wa umma ya kaunti itangaze nafasi, na tangazo hutegemea fedha. Kwa hiyo wapo madaktari waliokaa nyumbani wakati kuna wodi zenye daktari mmoja kwa wagonjwa mia. Wagonjwa wapo wa kutosha. Kinachokosekana ni mishahara iliyotengwa kwa ajili ya kuwaajiri wanaoweza kuwatibu, na jambo hilo hubadilika bajeti inapobadilika.

Usimzuie, wala usimsukume. Mtafutie daktari kijana aliyemaliza uanagenzi katika mwaka mmoja au miwili iliyopita, si mzee kama mimi ambaye mambo yake yalikuwa mengine, wakae pamoja alasiri moja wewe usiwepo, naye amweleze jinsi alivyosubiri kupangiwa, alivyolipwa, na anavyoishi sasa. Akirudi bado anautaka, jazeni mapema fomu ya HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, kwani masomo ni ya miaka sita na karo ya udaktari ni miongoni mwa zilizo kubwa kuliko zote. Tena muanze tangu sasa kuweka akiba ya miezi ile atakayokuwa amehitimu akisubiri hospitali, maana katika kipindi hicho hatakuwa na mkopo wala mshahara.